Malalamiko Kuhusu Begi la Vifaa vya Kunasulia Gari, na Lebo Iliyokatwa kwa Mkasi Kaunterini Kwenu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: MKANDA, SHAKELI NA KOMPRESA ZISIZOFAA KWA KAZI MLIYOZIUZIA, NA NILIVYOTENDEWA NILIPOZIRUDISHA

Ndugu Meneja,

Baada ya salamu, naomba mnipokelee malalamiko haya kwa uzito wake. Nimejizuia siku nne kabla ya kushika kalamu ili niandike kwa adabu, na nitajitahidi adabu hiyo ifike mwisho wa barua.

Jumanne niliweka juu ya kaunta yenu mkanda wa kuvutia gari, shakeli mbili (vile vyuma vya umbo la U vyenye pini, vya kuunganishia mkanda na gari) na risiti. Nilimwonyesha kijana wa zamu lebo ya buluu iliyoshonwa kwenye kitanzi cha mkanda. Akafungua droo, akatoa mkasi, akaikata ile lebo. Kisha akaniambia: “Sasa mzee wangu, mkanda hauna lebo. Bidhaa isiyo na lebo hatuipokei.”

Hapo nitaparudia. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua wenyewe, na namba ya risiti mnayo, kwa hiyo sitapoteza wino. Naanza na mlichokiuza.

Begi limeandikwa nje kuwa ndani mna mkanda wa nailoni unaonyumbuka, mita 9, upana milimita 60, tani 8. Kwa gari lenye uzito wa tani 3 likiwa na mizigo, hicho ndicho kipimo sahihi, maana mkanda unatakiwa ukatike kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Lakini tani si kitu kama mkanda haunyumbuki. Nailoni ikivutwa hurefuka kwa karibu asilimia 20. Mkanda wa mita 9 unakaribia mita 11, unameza ule mvuto wa gari linaloondoka, kisha unaurudisha kidogo kidogo kwa gari lililozama mpaka linajinasua. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mtu kununua mkanda wa aina hii.

Mliouza nyinyi ni wa poliesta. Mtu yeyote anayefanya kazi na mikanda ya kunyanyulia na kufungia mizigo anajua kuwa rangi ya lebo husema nyuzi ni za nini: kijani ni nailoni, buluu ni poliesta, kahawia ni polipropilini. Lebo ilikuwa ya buluu, na juu yake herufi tatu, PES, yaani kifupi cha poliesta. Poliesta hurefuka kidogo sana. Ukiifunga kati ya magari mawili na la mbele likaondoka kwa kasi, hakuna kinachomeza mshtuko. Nguvu yote inafika kwa pigo moja, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoruka. Kinaweza kuwa boliti, kinaweza kuwa pini, kinaweza kuwa kipande cha bampa kinachopasua kioo cha mbele na kumkuta dereva amekaa. Poliesta ina kazi yake ya heshima: kuzungushia mti unapotumia winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kebo, au kukokota gari bovu polepole. Kunasua gari kwa mshtuko siyo kazi yake, na aliyefunga begi hilo alitakiwa kulijua hilo kabla yangu.

Shakeli nazo. Zimepakwa rangi nyekundu, na juu ya rangi kuna maandishi meupe, “4.75T”. Nilikwangua kwa ukucha, yakatoka. Chini yake hakuna kitu: si alama ya mtengenezaji, si namba ya toleo, si herufi za WLL zinazoonyesha kuwa huo ni mzigo wa kazi na si mzigo wa kuvunjika. Shakeli ya kweli huwa na maandishi hayo yaliyotokeza kwenye chuma chenyewe, ungepaka rangi mara kumi yangeonekana. Tofauti hiyo ni ya uhai. Kama tani 4.75 ndio uzito unaoivunja, basi kwa kanuni ya kuacha akiba ya mara tano, uzito salama wa kufanyia kazi haufiki hata tani moja. Tena nilizipima. Shakeli ya tani 4.75 ina mwili wa milimita 19 na pini ya milimita 22, pini huwa nene kuliko mwili kwa sababu ndiyo inayobeba. Zenu zina pini ya milimita 19, zote mbili.

Na kile kikaratasi cha maelezo! Picha ya tatu inaonyesha kitanzi cha mkanda kimevishwa kwenye tufe la kukokotea trela. Ndugu Meneja, tufe lile limetengenezwa kubeba mvuto wa kawaida wa trela. Ukilivuta kwa mshtuko linakatika shingoni, na mkanda unalirusha kama jiwe la kombeo. Watu wameshakufa kwa jambo hilo hilo. Mkanda hufungwa kwenye sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu ya gari na yenye kipimo chake, wala si kwenye vile vitanzi vyembamba vya kufungia gari likiwa melini. Karatasi yenu haina neno hata moja kuhusu hilo. Haisemi pia kwamba watazamaji wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, wala kwamba katikati ya mkanda hutupiwa blanketi zito au koti ili ukikatika uanguke chini.

Haya yote nilimweleza kijana yule kwa sauti ya kawaida, mkanda ukiwa mezani kati yetu. Kilichonifikisha hapa ni alichofanya baadaye, na ninaomba mkisome tena polepole. Sikuwa nimempa mkanda. Nilikuwa nimeushika upande mmoja, kidole changu kikiwa kwenye herufi za PES, namwambia “soma hapa”. Akainama kama anayesoma. Akasema, “Hii?” Mkono wake mwingine ulikuwa tayari kwenye droo. Mkasi ulikuwa wenye mishikio ya rangi ya machungwa. Alikata nyuzi mbili za mshono, akavuta, lebo ikatoka nzima, akaiangusha kwenye pipa la taka lililo chini ya kaunta. Mstari wa wateja nyuma yangu ulinyamaza. Ndipo akasema bidhaa isiyo na lebo hampokei. Nilipoomba nimwone msimamizi wake, msimamizi alikuja, akautazama mkanda kwa sekunde tatu, hakutazama pipa, akasema: “Kama lebo imetoka, mzee, utakuwa uliitumia.”

Niliitumia! Mkanda uliotumika kunasua gari una matope kwenye mishono na vitanzi vyake vimekunjamana. Ule ulikuwa bado na mikunjo ya kiwandani.

Ningependa pia mjue kuwa hiyo Jumanne haikuwa mara ya kwanza kuwatafuta. Wiki moja kabla yake niliwaandikia barua pepe yenye picha sita, mkanijibu kwa mistari miwili kuwa “bidhaa zetu zote hukaguliwa”. Nikapiga simu mara tatu. Mara ya pili niliambiwa niupeleke mkanda dukani “ukiwa na lebo yake”. Niliupeleka ukiwa na lebo yake.

Kompresa, yaani pampu ya umeme ya kujazia matairi upepo, sikuwa nimeitaja kaunterini, lakini kwa kuwa tumefika hapa, itajwe. Mwilini mwake imeandikwa kuwa inavuta ampea 30. Waya wake unaishia kwenye plagi ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Tundu hilo kwa kawaida linalindwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Fyuzi itaungua tairi la kwanza halijajaa, na mtu asiyejua ataweka fyuzi kubwa zaidi. Hapo kinachoungua ni waya ndani ya dashibodi. Kompresa ya nguvu hiyo hubanwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio viwili, na fyuzi yake ya ampea 40 inakaa kwenye waya karibu na betri, huku injini ikiwa inawaka. Anayeingia mchangani anashusha upepo wa matairi hadi psi 18, kwa kipimo cha mgandamizo wa upepo, na mchanga ukiwa mzito hadi 15. Akitoka lazima aujaze tena kabla ya kushika lami, la sivyo kuta za tairi zinapata moto na kupasuka. Kumpa kompresa isiyoweza kujaza matairi manne ni sawa na kumwacha huko huko.

Kizimamoto cha kilo 1 kimefika mshale ukiwa kwenye nyekundu. Gundi ya kubandikia kamba za kuziba tairi imekauka ndani ya tyubu. Jeki ina kitako kidogo kuliko kiganja na hakuna ubao wa kuiwekea chini. Kwenye ardhi laini itazama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Vibao vya kukanyagia mchangani ni vizuri, nasema kweli, na koleo lina mpini mrefu unaofika chini ya ekseli. Sina nongwa na kila kitu.

Nilipokuwa natoka nyumbani Jumanne, nilitaka jambo moja tu: mkanda wa nailoni na shakeli mbili zenye alama, mbadilishane na hizi. Baada ya mkasi, hilo halitoshi. Nataka kurudishiwa fedha yote ya begi zima, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si na idara.

Na hata hilo, nikilitafakari, ni dogo. Begi hili lipo kwenye rafu zenu leo. Kuna watu wameshalinunua, wamelitupa nyuma ya gari, hawajawahi kulifungua, na siku watakayolifungua itakuwa ndiyo siku wamekwama, jua linazama, wana haraka, na watafuata ile picha ya tatu. Kwa hiyo nataka begi liondolewe kwenye rafu, na kila mnunuzi apigiwe simu aambiwe asitumie mkanda, shakeli wala karatasi ile. Kumbukumbu za mauzo mnazo. Mlizitumia kunitumia ujumbe wa promosheni Jumatano asubuhi, siku moja baada ya kunikatia lebo.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nawapa 7, kuanzia siku barua hii itakapopokelewa. Zikiisha bila jibu la maandishi, begi lote, kama lilivyo, litakwenda kwa shirika la viwango na kwa mamlaka ya kulinda walaji, na nakala kwa wakili. Kama kati ya sasa na wakati huo mtu ataumia kwa mkanda huu, barua hii itakuwa ushahidi kwamba mlijulishwa, tarehe gani, na kwa maneno gani.

Kuhusu lebo: niliipiga picha pande zote mbili usiku wa kuamkia Jumanne, ikiwa bado imeshonwa kwenye kitanzi, na namba ya toleo inasomeka. Juu ya kaunta yenu kuna kamera. Naomba picha za Jumanne, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, zihifadhiwe. Zikifutika, nitawauliza wenyewe mbele ya wakili ni nani aliyezifuta.

Wenu,
Mteja mwenye risiti, shakeli mbili, na mkanda usio na lebo