Kabla hujanunua vifaa vya gereji ya nyumbani

Habari zenu wanakikundi wa magari ya zamani. Wengi mmeuliza muanzie wapi. Anzeni na jeki ya magurudumu na stendi 4 imara za kuegemezea gari likishainuliwa. Nawaomba sana, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Sili ya jeki (mpira unaozuia mafuta yake) ikivuja, gari linashuka.

Spana zifuate gari lako. Magari mengi ya zamani ya Marekani yanataka za inchi, ya Ujerumani za milimita, na ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1950 mara nyingi za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza. Ukilazimisha isiyoenea, utakula kona za nati, na nati hizo kuzipata ni shida.

Kizima moto kikae karibu na mlango. Kompresa inaweza kusubiri.

Mwenye seti ya Whitworth ya kuazimana aandike hapa.