Shukrani kwa mama wa meza ya kadi, Nyarugusu

Mama, hukuacha jina, ila kazi yako inajulikana pale kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Sisi wa chanjo tunakushukuru hadharani.

Watoto wengi wanaovuka kutoka Burundi na Kongo hufika bila kadi ya chanjo, au kadi imelowa hadi haisomeki. Hapo ndipo watu hukosea: ama mtoto anarudishwa, ama anaanzishwa upya dozi zote. Wewe ulimkalisha mzazi, ukamuuliza mtoto alizaliwa kabla au baada ya kuvuna maharage, mvua zilikuwa zimeanza au bado, mpaka umri ukapatikana. Bila umri hakuna kinachokwenda: chanjo ya surua-rubela huanza miezi 9, na penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) inataka angalau wiki 4 kati ya dozi na dozi. Aliyeishia dozi ya kwanza anaendelea na ya pili, hata akichelewa miezi. Kadi mpya uliijaza kwa wino, maana penseli hufutika, na tarehe ya kurudi ukaiandika kubwa.

Asante pia kwa utepe wa mkono, ule wa kupima unene wa mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Wengi huukaza, namba inashuka, mtoto mwenye afya anaonekana ana utapiamlo! Wewe uliulaza tu, mkono wa kushoto umelegea, katikati ya bega na kiwiko. Aliyekuwa chini ya sentimita 11.5 ulimpeleka mwenyewe kitengo cha lishe, hukumwelekeza kwa kidole.

Kadi za ziada ulizoomba zimefika, ziko droo ya juu.