Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi: tupimieni visima vya Gongoni

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nakuandikia kutoka Malindi mjini, lakini jambo lenyewe liko Gongoni, kwa mdogo wangu. Ana mimba ya miezi saba. Mwezi jana miguu ilimvimba hadi ndara zikamkataa, na kliniki wakamkuta na presha. Akaambiwa apunguze chumvi. Mheshimiwa, mdogo wangu ana mwezi mzima hajatia chumvi kwenye mboga. Ukipikia maji ya kisima chake, mchuzi hauhitaji.

Nilikwenda kumwangalia. Nikateka maji kwa mkono wangu, nikainjika chai. Maziwa yalipoingia tu yakakatika. Sabuni haitoi povu. Mwembe ulio kando ya kisima majani yake yameungua kingo zote, kama uliopitiwa na moto. Maji hayo ndiyo anayokunywa mja mzito, ila siku anayopata hela ya kununua mtungi kwa bodaboda.

Kutoka Gongoni hadi Marereni ni nchi ya mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari hupigwa pampu, hutandazwa, jua likayakausha. Bwawa lisiposhindiliwa vizuri chini, yale maji mazito huzama ardhini. Malalamiko ya visima si ya leo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilichunguza viwanda vya chumvi vya Magarini, ndilo eneo lenye Gongoni na Marereni, ripoti ikatoka mwaka 2006. Sisemi kila tone la chumvi limetoka mabwawani, maana bahari nayo iko jirani. Lakini wanaoyanywa tunawajua: vibarua wa chumvi, wake zao, na watu wasio na hati ya ardhi wala nauli ya kuhamia kwingine. Mimi huku mjini nafungua bomba, napata maji ya Baricho kutoka Mto Sabaki. Tumezaliwa tumbo moja, tuko kaunti moja, na presha imempata yeye.

Watafiti waliowafuatilia wajawazito wa Dacope, pwani ya Bangladesh, walikuta presha ya mimba ikiongezeka kadiri maji ya kunywa yalivyozidi chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chakula chote pamoja. Gongoni hakuna anayejua amekunywa ngapi kabla hajala.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za kupima presha mwaka 2023. Watumeni nyumba kwa nyumba kwa kila mja mzito, waandike presha yake na kisima anachotumia, na siku hiyo hiyo maji ya kisima yapimwe chumvi. Kifaa chake kinaenea kiganjani. Majibu yasomwe barazani, kwa Kiswahili na Kigiriama, yasifungiwe kabatini. Wakati tukisubiri, leteni bouza, lori la tangi, lenye maji baridi yasiyo na chumvi, wajawazito wateke kwanza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha.

Tafadhali anzeni na kisima cha chini ya mwembe ule. Zimebaki wiki kama nane ajifungue, na kila asubuhi anateka pale.

Wako,
Mkazi wa Malindi