Kabla Hamjauvunja Mtaa Mzima

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Barua yako imefika, na picha nimezitazama moja moja. Hongera kwa kuingizwa kwenye kamati ya majengo, na pole pia, maana kuanzia sasa kila mwenye gofu atakuwa ndugu yako.

Unauliza kama ni sawa kuuvunja mtaa wote kwa mkupuo na kumkabidhi mwekezaji mmoja. Mimi hainiingii akilini, na kinachonitia wasiwasi ni yaliyoupata mji mdogo wa New London, kule Connecticut, Marekani. Mwaka 1996 kituo cha jeshi la majini katika mtaa wa Fort Trumbull kilifungwa na ajira zikaondoka. Mwaka 1998 kampuni ya dawa ya Pfizer ikatangaza kwamba itajenga kituo cha utafiti jirani na hapo, na wakubwa wa mji wakaona neema imeshuka. Ikachorwa ramani yenye hoteli, ofisi na makazi mapya. Wenyeji wachache wakagoma kuuza, na mji ukataka kuzitwaa nyumba zao kwa nguvu ya sheria. Kesi ya Susette Kelo na majirani zake ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2005 mji ukashinda kwa kura 5 dhidi ya 4.

Hebu lishike hili: katika kesi hiyo hakuna aliyedai kwamba nyumba zao ni mbovu. Zilikuwa nzima, ila zilikaa palipotakiwa na wengine. Nyumba ya Kelo, ile ya rangi ya waridi, ikafunguliwa vipande vipande na kuhamishiwa sehemu nyingine ya mji, nyingine zikavunjwa. Kisha mwendelezaji aliyepewa kazi ya kujenga akakosa fedha, na mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kwamba inakifunga kituo chake. Kiwanja kikaota nyasi miaka na miaka.

Kwa hiyo huyo mwekezaji wenu akija na michoro ya rangirangi, muulize fedha ziko wapi na nani ameshaweka saini. Sheria mtashinda, hilo si gumu. New London walishinda. Mkataba useme wazi kwamba asipoanza kujenga ndani ya muda mliokubaliana, ardhi inarudi mikononi mwa mji bila kesi. Na mvunje kwa vipande, pale tu ambapo mjenzi amekwisha kuwa tayari. Kama atakasirika kwa masharti hayo, mmeshajua mapema.

Sasa nije kwenye magofu yenyewe. Ukitazama picha zako unaona kuta zilizopasuka, lakini nakuhakikishia maradhi mengi yamo kwenye mafaili. Mwenye nyumba alifariki, mirathi haikufunguliwa, warithi wametawanyika, na kodi ya majengo imelimbikizana mpaka deni linakaribia thamani ya jengo. Nani atanunua hapo? Na asiponunua mtu, nani atapanda juu kubadilisha bati? Kabla ya kumwita mkandarasi, tafuteni mwanasheria na karani mwenye subira.

Flint, katika jimbo la Michigan, walilijua hilo kwa machungu. Nyumba zilizotwaliwa kwa deni la kodi zilikuwa zikipigwa mnada, walanguzi wananunua kwa bei ya kutupa bila hata kuziona, wanaziacha zioze, zinarudi mnadani. Mwaka 1999 sheria ya jimbo ikaufupisha sana mlolongo wa kutwaa nyumba kwa deni la kodi, kisha wilaya ya Genesee ikaunda benki ya ardhi. Kazi yake ni kuzichukua nyumba hizo, kusafisha hati, kuvunja zisizo na matumaini, kumuuzia jirani kipande kilicho kando ya nyumba yake aongeze bustani, na kuzishikilia zile zenye thamani hadi apatikane mtu wa maana. Hoteli ya Durant, iliyofunguliwa 1920 na kufungwa 1973, ilipita mikononi mwao, na mwaka 2010 ikafunguliwa upya kama makazi ya kupanga. Sikwambii kwamba Flint imepona, hasha. Shida zake zinajulikana dunia nzima. Lakini kwa hili walitumia akili.

Wahenga walisema ufa, mimi nasema bati. Jengo tupu huanza kufa juu: bati moja linang'oka, maji yanapenya, dari inashuka, kisha ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza, mahali ambapo mtu wa chini haoni. Kufunika paa kwa turubai na kuzibua mifereji ni gharama ndogo, na kunawapa muda wa kufikiri. Pia mkataze mtu asipige lipu ya saruji kwenye kuta zile za zamani za chokaa. Saruji inazuia unyevu usitoke, ukuta unaoza ndani kwa ndani huku nje unang'aa, na mwanasiasa ameshapiga picha.

Umeniandikia kurasa nzima kuhusu wamiliki na hukutaja wapangaji hata mara moja. Humo ndani kuna watu wanaolala, wanaoshona, wanaochomelea vyuma. Fidia ikienda kwa mwenye hati peke yake, hao mtakuwa mmewafukuza tu.

Nitumie orodha ya majengo, na mbele ya kila moja uandike jina lililo kwenye hati na deni la kodi, hata kama ni makisio. Lile la kona lenye baraza ya mbao juu, usilipigie kura ya kuvunjwa mpaka fundi apande akachomechome boriti kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, sawa, livunjeni. Isipozama, niandikie haraka, maana hapo tuna la kuzungumza.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Wako wa siku zote