Jueni fedha inataka kurudi lini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu vijana watatu waliokuja kwangu hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba mwezi uliopita. Wana kampuni changa, wanatengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wenye mitumbwi na wanunuzi wa dagaa. Walinisalimia vizuri, wakakaa juu ya magunia, na swali lao la kwanza likawa: "Mama, mwekezaji tunampata wapi?" Mzigo ulikuwa unashuka kutoka Ukerewe, sikuwajibu inavyostahili. Tangu siku hiyo nina deni nao.

Wanangu, kabla ya kuuliza fedha iko wapi, ulizeni inataka kurudi lini. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiingia hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na biashara inapoa siku kumi hivi. Hilo nililijua tangu utoto. Lakini mwaka wangu wa tatu wa biashara nilisaini mkopo wa marejesho ya kila wiki. Wiki mbili za kwanza nililipa bila shida. Mbalamwezi ilipoingia sikuwa na gunia hata moja la kuuza, na afisa mikopo yuko mlangoni. Nikaziba pengo kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Nikauza mizani, nikauza friji ya nyumbani, watoto wakiniangalia. Riba iliniumiza, ila kilichonimaliza ni ratiba, na sikuwa nimeuliza hata mara moja kama marejesho yanaweza kufuata giza.

Kwa hiyo chukueni daftari, mwandike fedha yenu inaingia tarehe zipi na inakauka tarehe zipi, kwa miezi sita. Mkitaka kuanza kidogo, undeni kikundi, mkisajili, mwende halmashauri: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) hukopeshwa bila riba. Mwekezaji wa hisa hatawadai kila wiki, lakini mkishamwingiza ni mwenzenu wa kudumu. Na hapa kuna jambo lililoninyima usingizi. Nilipouliza nani kati yenu ana hisa ngapi, mmoja alisema mtalizungumza baadaye. Hapana, wanangu. Lizungumzeni sasa, wakati hamna cha kugombania, na kule BRELA, kwa wasajili wa kampuni, iandikwe hivyo hivyo mlivyokubaliana. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigawana mtumbwi kwa kesi.

Kuhusu kuajiri, mimi nilianza na vijana wa kubeba, kwa kuwa kubeba ndiko kulikonichosha. Nilichelewa kumwajiri mtu niliyemhitaji kweli. Mama huyo huchukua dagaa mmoja kutoka katikati ya gunia, akamvunja karibu na sikio. Akilia "kte", mzigo unaingia. Akipinda, unarudi juani. Msimu wa mvua, sikio lake ndilo linalotenganisha dagaa wa kula na dagaa wa kuku, na bei zake hazifanani kabisa. Nilimpa mkataba wa maandishi na kumwandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kabla mimi mwenyewe sijaanza kujilipa mshahara. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, basi liwekeni hilo kwenye hesabu tangu mwanzo. Nyinyi wote watatu mnajua kompyuta. Wa nne awe mtu aliyelala visiwani na wavuvi.

Kukua nako kuna njaa yake. Duka moja kubwa la Dar es Salaam liliniagiza pakiti elfu mbili, malipo baada ya siku sitini. Nilifurahi, nikampigia simu kila ndugu. Kisha misimu miwili ya giza ikapita mtaji wangu ukiwa juu ya rafu za watu, wenzangu hapa wakinunua mzigo wa bei nzuri mbele ya macho yangu. Siku hizi mali kauli, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, sitoi bila nusu mkononi, na nimeanza na maduka ninayoweza kuyafikia kwa siku moja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Sengerema na Geita hausubiri tena kivuko, na maduka ya huko yananilipa siku hiyo hiyo.

Vijana, giza likianza njooni saa kumi na moja alfajiri, wakati bei inapangwa, mje na lile daftari. Mama wa kuvunja dagaa nimeshamwambia awawekee nafasi karibu na mizani.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza