Chameleon haihitaji vinanda vya bei mbaya

Ndugu Mhariri,

Imewahi kudaiwa katika safu hii kwamba bendi za Mbeya na Iringa haziwezi kupiga jazi yenye fanki, yaani midundo mizito ya kuchezeka, kwa sababu hazina vinanda vya bei mbaya, na ushahidi unaotolewa ni Headhunters, bendi ya mpiga kinanda wa Marekani Herbie Hancock. Ni bahati mbaya, maana bendi hiyohiyo ndiyo inayolikanusha dai hilo.

Kabla ya Headhunters, Hancock alikuwa na kundi la Mwandishi, ambalo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Bennie Maupin Mwile, Billy Hart Jabali. Wapulizaji watatu, mitambo tele, mapato kiduchu. Mwaka 1973 akalivunja, akabaki na Maupin, akawaongeza Paul Jackson kwenye besi, Harvey Mason kwenye dramu na Bill Summers kwenye tumba. Watu watano tu, na gitaa la ridhimu hakuna. Nafasi yake Hancock aliijaza mwenyewe kwa Clavinet, kinanda cha umeme chenye nyuzi. Albamu yao ya Head Hunters, yenye nyimbo nne, ilivuka nakala milioni moja Marekani.

Sasa sikilizeni Chameleon, wimbo wa kwanza wa albamu hiyo. Besi inapanda nusu toni kwa nusu toni, inatua kwenye B-flati, inanyamaza, inagusa noti mbili za juu, basi. Kisha inarudia mchoro uleule na kutua kwenye E-flati. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni mbili: B-flati maina na E-flati saba. Inaanza besi ya kinanda peke yake, inafuata dramu, halafu Jackson anapiga besi yake kule juu kama gitaa, kisha Clavinet. Saksafoni inakuja mwisho. Bendi zetu huharibu pale kwenye kimya: mpiga besi anakijaza, wa dramu anaongeza milio ya matoazi, wa kinanda anawasha midundo ya kujiendesha, na mwendo unakimbia. Dawa yake ni kuipiga besi na dramu peke yake dakika kumi, bila pambo lolote, ndipo wengine waingie mmojammoja.

Kuhusu gharama, ule mwanzo wa Watermelon Man, wimbo mwingine wa albamu hiyo, ni Summers anapuliza chupa ya bia, akiiga upulizaji wa watu wa Ba-Benzélé wa Afrika ya Kati, noti ya chupa na noti ya koo zikipokezana. Chupa ya soda inatosha. Ukiongeza maji sauti inapanda, ukipunguza inashuka.

Kinachoumiza hapa kwetu hasa ni baridi ya Juni na Julai. Saksafoni ikipoa inashuka, wakati nyuzi za gitaa zikipoa zinakaza na kupanda, kwa hiyo bendi iliyotyuni mchana usiku inasigana. Mpulizaji aipulizie hewa ya moto kimyakimya kabla ya kila wimbo, na magitaa yatyuniwe upya ukumbini, si nyumbani.

Mwaka 1974 Mike Clark alichukua nafasi ya Mason kwenye dramu, wakatoa albamu ya Thrust. Mwaka uliofuata wenzake Hancock walitoa albamu yao wenyewe bila yeye kuiongoza, na dramu za wimbo wake God Make Me Funky zimekatwa na kutumiwa upya na watayarishaji wa hip hop mara nyingi mno. Vijana wa Mwanjelwa hapa Mbeya wanaorekodi kwa kompyuta huenda wameshazitumia bila kujua ni za nani.

Wapiga muziki wa dansi,
Mbeya