Waulizeni waandishi wetu kuhusu ufundi wao

Mhariri,

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliposhinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, nilinunua magazeti mengi pale Mwembe Tayari. Nilisoma habari za ukimbizi na ukoloni, na ni haki zisemwe. Lakini nilitamani mno aulizwe anavyoijenga sentensi, yeye aliyekulia katika Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Mbona sisi waandishi weusi huulizwa machungu tu, ufundi hatuulizwi?

Mimi naandika hadithi hapa Kibokoni. Mhariri mmoja wa ng'ambo alinitaka nifafanue neno baraza. Nilikataa. Mzee wa hadithi yangu amekaa barazani, kikombe cha kahawa chungu mkononi, anawaamkia wapitao, msomaji atapaona. Shangazi hunisikiliza jioni akikanda unga wa mahamri. Akisema "hebu rudia hapo," najua sentensi imekwama. Sikio hilo kalilea kwa mashairi, mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo: 8 ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 utao, nusu ya pili.

Naomba ukurasa kila Jumamosi, mwandishi aeleze alichokifuta na kwa nini. Nina kurasa 3 za kuanzia.

Mwandishi wa hadithi,
Kibokoni, Mombasa